Ofisini wamemfuta mtu kwenye picha yangu na sasa wanataka kuipeleka kwenye shindano

Anti shikamoo,

Mi ni mpiga picha wa habari, niko na gazeti moja kwa mkataba wa mwaka mwaka. Kuna jambo linanikosesha raha kabisa, naomba unisome mpaka mwisho maana najua nitaandika ndefu.

Mto ulifurika usiku, asubuhi nikatumwa. Nikakuta watu wanatolewa kwenye nyumba zilizozingirwa na maji, nikapiga picha nyingi tu, ila kuna moja ambayo nilipoiangalia pale pale kwenye skrini ya kamera nikajua hii ndo yenyewe. Mama kambeba mtoto mgongoni, maji yamemfika kifuani, mkono mmoja kaishika kamba, macho yako mbele. Pembeni kulia kuna jamaa kavaa shati la njano, ile kamba kaizungusha kiunoni kwake na anaivuta kwa nguvu zote, kainama mpaka kwenye fremu unamwona nusu uso, bega na mikono miwili. Yeye ndo aliyekuwa anawatoa watu. Kila aliyepita pale kapita kwa kamba yake. Nikachukua jina lake, nikaandika maelezo ya picha yanayosema hivyo hivyo, nikatuma ofisini.

Kesho yake gazeti limetoka, picha iko ukurasa wa kwanza, jina langu liko chini yake, na jamaa hayupo! Wamemfuta. Mama yuko peke yake katikati ya maji, kamba bado anayo mkononi lakini ukiifuata kwa macho inaenda weee halafu inazama majini, hakuna aliyeishika. Pale alipokuwa jamaa wamejaza maji waliyoyanakili kutoka sehemu nyingine ya picha, na ukitulia ukaangalia kuna kipande cha ubao kinachoelea kimetokea mara mbili, ubao ule ule na povu lile lile pembeni yake. Na maelezo nayo wamebadilisha, yanasema mama jasiri kajiokoa yeye na mwanawe.

Nikamfuata mhariri wa picha. Akanijibu bila wasiwasi wowote kwamba yule mtu alikuwa anachafua fremu, nusu kichwa nusu mkono, halafu ile njano inavuta jicho la msomaji badala ya kwenda kwa mama, kwa hiyo "tumeisafisha tu". Kuna kaka mmoja pale ofisini ninayemheshimu sana, amenitangulia kwenye hii kazi, na yeye akaniambia nisijisumbue, kwamba kila picha inapikwa, unaongeza mwanga, unapunguza kivuli, unakata pembeni, sasa hapo tofauti iko wapi? Mama alikuwepo, mtoto alikuwepo, mafuriko yalikuwepo, uongo uko wapi? Kwa kweli nikakosa la kumjibu.

Picha imesambaa sana, napongezwa mpaka na watu nisiowajua. Sasa ofisi inataka kuipeleka kwenye shindano la kimataifa la picha za habari, hiyo hiyo iliyofutwa mtu, kwa jina langu. Na juzi yule jamaa wa shati la njano kanipigia simu. Hakuja na ugomvi Anti, kauliza tu taratibu, "kaka mbona mimi simo? Watoto nimeshawaambia nimo." Nikamwambia nitamrudia na mpaka sasa sijui nimrudie na maneno gani.

Bosi mkubwa nimemgusia, akasema nikiongea nje nitakuwa nimelichafua gazeti, na nisisahau mkataba wangu unaisha karibuni. Kazi naihitaji sana. Ila kila nikiona jina langu chini ya ile picha najisikia vibaya. Je mi ndo nakuza mambo? Na kama sikuzi, nafanyaje?

Mpiga picha, jina lihifadhiwe

---

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Hukuzi mambo. Nimekaa kwenye dawati la picha muda mrefu na nakwambia hili ni kubwa, tena ni kubwa kuliko hata unavyolielezea, kwa sababu wewe umelileta kama suala la picha wakati mimi naliona kwanza kama suala la mtu. Kuna mtu alisimama kwenye maji akavuta wenzake, na gazeti likawaambia wasomaji wote kwamba hakuwepo. Halafu likampa kazi yake mtu mwingine, maana kichwa cha maelezo kinasema mama kajiokoa. Hata huyo mama mwenyewe sidhani kama atafurahi akiisoma, anajua nani alimtoa.

Nianze na hoja ya huyo kaka yako wa ofisini maana ndo hoja ninayoisikia kila mara na inawanyamazisha vijana wengi. Ni kweli picha zote zinaguswa. Kamera yenyewe inaamua mambo, ukipiga faili ghafi, yaani lile la kamera kabla halijaguswa, lazima uweke mwanga na rangi ndo itoke picha, na wazee wetu wa chumba cha giza, kule walikosafishia picha za filamu, walikuwa wanachoma sehemu ya karatasi iwe nyeusi zaidi na kuficha sehemu nyingine ibaki nyeupe. Hakuna anayekataa hilo. Lakini kuna swali moja analoruka: je, kuna kitu kilikuwa mbele ya lenzi na sasa hakipo, au hakikuwepo na sasa kipo? Ukiongeza mwanga kwenye uso wa mama, mama ni yule yule na jamaa bado anavuta kamba. Ukifuta vumbi lililokuwa kwenye kioo cha kamera, umetoa kitu ambacho hakikuwa mtoni. Ukimfuta binadamu umebadilisha kilichotokea.

Atakuja na lingine, atakwambia mbona kukata pembeni kunaruhusiwa, si tungekata upande wa kulia na jamaa angetoka vile vile? Hapa ndo pazuri, naomba unielewe vizuri. Ukikata, kamba inafika ukingoni mwa picha na inaendelea kwenda nje, msomaji anajua kuna kitu upande ule hakioni, anajiuliza nani kashika, na maelezo ya picha yanamjibu kwa jina. Kukata kunasema "sijakuonyesha kila kitu". Lakini ukijaza maji pale alipokuwa mtu, unasema "nimekuonyesha, hapa palikuwa na maji matupu". Hayo mambo mawili hayafanani hata kidogo. Hata kukata nako kunaweza kudanganya, mtu akitaka, na ningemgombeza mhariri anayemkata mwokoaji halafu akabadilisha na maelezo asimtaje, ila hapo angalau ile kamba ingebaki inamuuliza.

Na mwanga pia usifikiri uko salama siku zote. Juni 1994 majarida ya Marekani Time na Newsweek walitoka wiki moja na picha ile ile ya polisi ya O.J. Simpson, mchezaji maarufu aliyeshtakiwa kwa mauaji, kwenye jalada. Newsweek waliiweka ilivyo. Time wakaifanya nyeusi, ngozi yake ikaonekana nyeusi zaidi, sura inatisha. Hakuna mtu aliyefutwa wala kuongezwa, kikubwa ni giza tu, na watu wakakasirika kwa haki kabisa maana mtu ambaye hata kesi yake haijasikilizwa kashapakwa sura ya mhalifu. Kwa hiyo huyo kaka mwambie kwamba ndiyo, kupika picha nako kuna mpaka wake, na kupika vibaya hakuhalalishi kufuta.

Unasema mhariri alikuwa anaondoa kinachochafua fremu. Mwaka 2013 kulikuwa na mpiga picha wa shirika la habari la AP nchini Syria, Narciso Contreras, mtu wa timu iliyopata tuzo kubwa ya habari ya Pulitzer mwaka huo huo. Alipiga picha ya mpiganaji, pembeni chini kukawa kumetokea kamera ya video ya mwandishi mwenzake, akaifuta kwa sababu hiyo hiyo, inasumbua jicho. Kamera tu, siyo mtu. Januari 2014 AP wakaachana naye. Walikagua picha zake karibu 500, hawakukuta nyingine iliyochezewa, bado wakasimama pale pale. Wengi walisema ni adhabu kali mno kwa kitu kidogo vile, na mimi namuonea huruma kweli, lakini naelewa kwa nini shirika lilifanya hivyo: msomaji hana namna ya kujua kilichofutwa kilikuwa kidogo au kikubwa. Anaamini zote au haamini hata moja. Sasa kama kamera ya mtu pembeni ilifikia huko, mwokoaji mwenye kamba kiunoni je?

Na huo ubao wako uliotokea mara mbili ndo unaonipa hofu zaidi kwa ajili yako, maana ndivyo watu wanavyokamatwa. Agosti 2006 Adnan Hajj, aliyekuwa anaipigia picha Reuters, shirika lingine la habari, kule Beirut, alituma picha ya moshi baada ya shambulio la ndege na moshi ulikuwa umenakiliwa, mafundo yale yale ya moshi yanajirudia yakipanda juu. Wasomaji wa kawaida tu waliokuwa na kompyuta zao ndo walioona. Alijitetea kwamba alikuwa anaondoa vumbi. Reuters wakaachana naye na wakaondoa picha zake zote 920 kwenye hifadhi yao, zikiwemo ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Miaka mitatu kabla, 2003, Brian Walski wa Los Angeles Times aliunganisha picha mbili za askari wa Uingereza na raia kule Basra zikawa moja nzuri zaidi, na kilichomuumbua ni mfanyakazi wa gazeti lingine aliyegundua kuna watu nyuma pale wametokea mara mbili. Akafukuzwa kazi. Kwa hiyo hao wanaokwambia hakuna atakayeona wanajidanganya, picha imesambaa kila mahali na kila anayeitazama ana skrini ya kuivuta karibu. Siku mtu akiuona huo ubao atasoma jina lililoko chini, na jina ni lako, la mhariri halipo.

Ndo maana nasisitiza jambo la jina. Ofisi nazo huwa zinafanya haya, siyo wapiga picha tu. Jarida la National Geographic la Februari 1982 lilisogeza piramidi za Giza kule Misri zikae karibu karibu ili picha ya kulala iingie kwenye jalada lililosimama. Aliyepiga hakuzisogeza, ni ofisi, na jarida lenyewe baadaye lilikiri kwamba halikupaswa. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba uamuzi wa ofisi unageuka kuwa sawa kwa sababu umefanywa na wakubwa.

Kuna picha nyingine ambayo barua yako imenikumbusha kwa nguvu. Stalin, aliyekuwa mtawala wa Umoja wa Kisovieti, anatembea kando ya mfereji kule Urusi, pembeni yake yuko Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri. Yezhov akaja kuangushwa, akauawa 1940, na picha ikatolewa upya bila yeye. Unajua pale alipokuwa kasimama walijaza nini? Maji. Maji ya mfereji na ukingo. Simfananishi bosi wako na Stalin, nia yake ni tofauti kabisa na najua alikuwa anafikiria ukurasa upendeze, ila mtu wa shati la njano yeye haioni nia, anaona maji pale aliposimama yeye.

Kabla sijasahau, wapo watakaokwambia mbona tunafunika nyuso za watoto au za watu waliofanyiwa ukatili. Tunafunika ndiyo na tutaendelea, lakini ukungu ule unaonekana, msomaji anajua kuna uso umefichwa na anajua sababu. Tungechukua uso wa mtoto tukaweka uso mwingine uliotengenezwa na akili mnemba ndo ningepiga kelele. Na hizo programu za sasa unaziambia "toa huyu mtu" anatoka kwa sekunde, hata ubao haujirudii tena, ndo maana kwa hivi karibuni tabia za ofisini zitakuwa muhimu kuliko macho ya wasomaji.

Haya, ufanye nini.

Leo hii mpigie yule jamaa. Usimwache anasubiri. Mwambie ukweli kwamba wewe ulimpiga, ulimtaja kwa jina, na ofisini wakamtoa bila kukuuliza, na kwamba unafuatilia. Usimwahidi kwamba gazeti litarekebisha maana hilo haliko mikononi mwako bado. Kama mkataba wako unakuruhusu mpe nakala ya picha halisi awaonyeshe watoto wake, kama haukuruhusu basi mwonyeshe ana kwa ana.

Halafu shindano. Hapo usilegee kabisa, sema hapana, na usisaini fomu yoyote. Haya mashindano makubwa yanaomba faili halisi kutoka kwenye kamera. World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, mwaka 2010 walimnyang'anya mshindi nafasi yake kwa sababu alifuta kipande cha mguu wa mtu uliotokeza nyuma, kipande tu cha mguu! Mwaka 2015 walitoa asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya pili kutoka mwisho baada ya kulinganisha na mafaili halisi. Yako itakaguliwa na jamaa atatokea kwenye faili halisi na shati lake la njano, na hapo utakuwa umejimaliza kwa kosa lisilo lako. Hii ndo hoja utakayompelekea bosi, na nadhani ataisikia hata kama ya mwokoaji hakuisikia, kwa sababu aibu itakuwa ya gazeti pia.

Umpelekee kwa maandishi. Mazungumzo ya kwenye korido hayabaki popote. Andika barua pepe fupi ya heshima, bila kumtukana mtu, mfano hivi: "Picha iliyotoka ukurasa wa kwanza inatofautiana na niliyotuma. Mtu aliyekuwa anavuta kamba ameondolewa na maelezo yamebadilishwa. Sikushirikishwa. Naambatanisha picha halisi na maelezo niliyotuma. Naomba tutoe marekebisho na picha halisi ichapishwe, na picha ya sasa isipelekwe kwenye shindano." Basi, usiongeze vitisho. Weka na namba ya faili na saa uliyopiga.

Marekebisho yenyewe siyo kifo cha gazeti. Machi 2024 AP, AFP, Reuters na Getty waliiondoa picha ya Kate, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, na watoto wake baada ya kuona mkono wa sweta ya mtoto haukai sawa, wakawaambia wateja wao waifute, na siku ya pili mwenyewe akaomba radhi. Mashirika hayo yako pale pale na watu wanayaamini zaidi kwa sababu waliiondoa. Bosi wako naye ana nafasi nzuri hapo: achapishe picha nzima, aandike mistari miwili kwamba mtu fulani alikuwepo na aliondolewa kimakosa, amtaje jina. Mimi ningelinunua hilo gazeti, na kwa macho yangu ile picha ni nzuri zaidi akiwemo, maana kamba inapata mwenyewe.

Sasa akikataa. Mitandaoni usikimbilie, kwanza kwa sababu ya mkataba wako, pili kwa sababu ukianzia huko kila mtu ataanza kujihami na jamaa atasahaulika. Omba kwa maandishi jina lako liondolewe chini ya ile picha popote wanapoitumia. Kama kuna chama cha waandishi au baraza la habari huko ulipo, nenda kawaeleze kwa siri ukiwa na faili zako. Na wakiipeleka kwenye shindano bila wewe, waandikie waandaaji mwenyewe siku hiyo hiyo. Sitakudanganya kwamba haiwezekani ukakosa mkataba mpya, inawezekana. Ila mpiga picha mwenye jina safi na faili mkononi anabisha hodi kwenye gazeti lingine, na yule ambaye picha yake iligundulika na wasomaji hana mlango wa kubisha.

Na zile faili ghafi, zote za asubuhi ile, zile za kabla na za baada ya hiyo moja, usifute hata kadi ikijaa. Weka nakala sehemu mbili na moja isiwe kwenye kompyuta ya ofisi. Ukishapata jibu la bosi niandikie.

Anti